Viti Thelathini kwa Mtu Aliye Hai

Wanangu, kwanza mniwie radhi kwa ufa ulio kwenye kioo cha ile simu. Niliiangusha kule sokoni Rwekubo nikishuka garini na fungu la mihogo, na kwa kuwa nina mikono miwili tu, nilichagua kuokoa mihogo. Sasa simu ni yenu, kikundi ni chenu, na mimi nimestaafu. Nawaona mnavyocheka. Mnasema kuandikiana na watu kwenye simu si kazi ya mtu kustaafu. Haya, kaeni nayo mwaka mmoja, halafu mje mniambie shingo zenu zinasemaje.

Wengi mnanijua kama mama wa chumba cha kompyuta pale Base Camp, hapa kambini Nakivale, yule aliyewafukuza mlipokuwa mnakula karanga juu ya kibodi. Hiyo ndiyo kazi niliyolipwa. Kulea kikundi chetu cha simu, "Tuko Wapi", hakukunipa hata kipande cha sabuni, lakini ndiyo kazi ninayotaka kuwaachia. Mnakumbuka kikundi kilivyoanza, au labda hamkumbuki, mlikuwa bado mnanyonya. Sisi watu wa Kivu Kusini tulikuwa tumetawanyika hata hatukujua nani yuko wapi. Mmoja aliandika yuko Nakivale, mwingine Bujumbura, mwingine Marekani kwenye theluji, na kila jina lililotokea lilikuwa na mtu mahali fulani aliyekuwa akililia. Baadaye tukaanza kuweka picha za harusi, kuuza vitenge, kubishana mpira. Na katikati ya vitenge na mpira, mara moja moja, mtu aliandika kwamba hataki kuishi tena.

Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Nimewaandikia masharti yake kwenye karatasi moja, na nawajua, hamtaisoma. Mtaipiga picha, mtasema asante mama, basi. Kwa hiyo afadhali niwasimulie makosa yangu, maana makosa ya mtu mzima mnayapenda.

Kosa langu kubwa linaitwa Mwalimu Rubeni. Ninyi mnamjua kama mtu wa utani, yule anayesahihisha Kifaransa cha watu bila kuombwa. Amenipa ruhusa nisimulie habari zake kwa sharti moja, kwamba niseme mahindi yake mwaka ule yalikuwa mazuri kuliko yangu. Yalikuwa mazuri. Nimesema.

Mwaka ule mke wake na watoto walikuwa wameshapata ile safari ya wakimbizi ya kuhamia ng'ambo. Faili lake yeye lilibaki, likisubiri karatasi ambayo hakuna aliyeweza kumwambia ni karatasi gani. Walimwambia ni miezi mitatu. Ikapita miaka miwili. Alikuwa analima peke yake, anapika peke yake, na Jumapili anakaa benchi la nyuma kanisani na kutoka kabla ya watu kusalimiana. Sisi tukasema Mwalimu amekuwa na maringo.

Jumamosi moja asubuhi akaandika kwenye kikundi: "Ndugu zangu, nimechoka. Sioni faida ya kuendelea kuamka. Aksanti kwa yote. Musinitafute."

Mtu wa kwanza kujibu aliandika "Amina." Mpaka leo naamini hakusoma hata nusu. Wa pili akaandika amina na mikono miwili ya maombi, wa tatu akaongeza mishumaa, na kufikia saa sita nilikuwa nimehesabu amina sabini na kitu. Mimi msimamizi wa kikundi nilifanya vizuri zaidi yao wote: niliandika aya nzima ya Biblia kwa herufi kubwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza chochote.

Lakini mimi si mtu wa kukaa nimekunja mikono. Nikampigia kiongozi wa kwaya, na kiongozi wa kwaya akampigia Diakoni Zakaria, ambaye ndiye mtunza viti wa kanisa letu. Mnavijua vile viti, vya plastiki, vya buluu, kila kimoja na namba yake mgongoni kwa rangi nyeupe. Na desturi yetu mnaijua: mtu akiwa na huzuni humwachi aanze kuhangaika kutafuta mahali pa kuwakalisha watu. Unakwenda na viti vyako. Basi tukaenda. Viti thelathini vichwani, turubai moja, ngoma mbili, kwaya nzima imevaa sare. Nilikuwa mbele kabisa, na moyoni najisifu, nasema leo Mwalimu ataona kwamba ana watu.

Sasa ninyi mna akili kuliko mimi. Niambieni: majirani wakiona viti thelathini na turubai vinaelekea nyumbani kwa mtu anayeishi peke yake, watafikiria nini? Akina mama walianza kulia kabla hatujafika kwenye kona. Tulipoingia uani, jirani mmoja alikuwa ameshaleta kuni, mwingine anafagia mahali pa kutandika turubai, na mzee mmoja alikuwa anauliza kwa sauti ya chini jembe liko wapi.

Jembe lilikuwa shambani, na Mwalimu alikuwa nalo. Alitoka katikati ya mahindi, matope mpaka magotini, akatuangalia.

"Nani alikufa?" akauliza.

Kwaya ilikuwa kwenye ubeti wa pili, hakuna aliyetaka kukatisha. Akanigeukia mimi.

"Mama Jolie, minakuuliza. Nani alikufa hapa kwangu?"

"Hakuna mutu alikufa, Mwalimu. Tumekuya kukutia moyo."

"Na hii viti yote?"

Kulikuwa na jirani yake mmoja aliyekuwa amekaa chini, amefumba macho, analia na kulitaja jina lake. Mwalimu akamwinamia, akamwambia taratibu, "Mama, niko hapa." Yule mama akafumbua macho, akamwona, akalia zaidi.

Mwalimu ni mtu wa adabu. Alituacha tukaimba mpaka mwisho, akasimama mbele yetu na jembe lake, akasema, "Batu ya Mungu, aksanti mingi. Mumenizika muzuri. Sasa muende." Hakuna aliyecheka. Akaingia ndani, akafunga mlango. Jioni nilipofungua kikundi, jina lake halikuwemo tena.

Mpaka hapo mnaweza kucheka, mimi mwenyewe nimeshacheka sana. Lakini usiku ule niliogopa kuliko nilivyoogopa siku tuliyovuka mpaka na watoto. Mtu alikuwa ametuambia siri yake, na mimi nikaipigia ngoma kijiji kizima. Kama angejiua, ningekuwa nimemsaidia kufunga mlango. Na juu ya hayo yote, Diakoni Zakaria alikuwa amekuja kulalamika kwamba viti vilivyorudi ni ishirini na tisa. Namba kumi na saba haikuonekana.

Jumatatu nilikuwa na safari ya Mbarara kupeleka kompyuta moja kwa fundi. Nilipomaliza nikapita kwa Hajji Sulaiti. Huyu alikuwa na duka la dawa lililopakana na chumba cha intaneti nilichojifunzia kompyuta miaka ile tulipokuwa tunakodi nusu saa, tunatumia dakika ishirini kutafuta herufi. Hajji alikuwa Mganda mzee, kofia nyeupe, miwani iliyofungwa kwa uzi. Zamani alikuwa muuguzi wa jeshi. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini kwa askari, na huruma yake ilikuwa ya kambini vilevile, haina mapambo.

Nikamweleza kila kitu. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Nyabo, mama yangu, nyinyi mlienda na viti thelathini?"

"Thelathini, Hajji."

"Na ngoma?"

"Na ngoma."

"Banange!" Akafuta macho kwa kanzu, halafu kicheko kikakatika ghafla. "Sasa wewe ambia mimi. Swali, nani aliuliza yeye?"

"Swali gani?"

"Swali iko moja tu. Wewe nafikiri kujiua? Hiyo."

Nilishtuka nikaangalia mlangoni kama kuna mtu amesikia. "Hajji, siyezi kuuliza mutu vile. Nitamupatia ile mawazo."

"Mawazo iko nayo tayari. Aliandika mbele ya watu yote. Unafikiri iko nangoja wewe umpe?" Akavuta boksi la vidonge, akaanza kuvipanga upya ingawa vilikuwa vimepangika. "Mimi pia nilikuwa naogopa. Huko jeshi kijana moja alikuja kwa mimi, kichwa nauma. Mimi nikampa dawa ya kichwa. Kesho tena, kichwa. Nikampa tena. Siku tatu, nyabo. Mimi naona macho yake, najua hii si kichwa, lakini sikuuliza. Nilikuwa naogopa hiyo neno." Hakumaliza habari ya yule kijana, na sikumwuliza. "Toka siku hiyo mimi nauliza. Miaka mingi sana nauliza. Hakuna mtu mmoja alikufa sababu ya swali yangu."

Ndipo akanipa masomo yangu, na ndiyo hayo mliyo nayo kwenye ile karatasi ambayo hamjaisoma. Nenda peke yako. Uwe na sababu ndogo ya kwenda, majirani wapate kitu cha kuona. Uliza swali kwa jina lake, usilizungushe. Ukishauliza, funga mdomo. Kama kuna kitu ameshakiandaa, usikiache ndani naye. Mpeleke kwa watu wa hospitali, usijifanye wewe ndiye hospitali.

"Na kesho unarudi," akasema. "Hata kama iko mvua."

Njia nzima mpaka Rwekubo nilikuwa nalirudia lile swali mdomoni ili ulimi ulizoee. Mama niliyekaa naye alinitazama mara mbili, akahamia kiti cha nyuma.

Sababu ndogo ya kwenda nilikuwa nayo tayari. Kesho yake asubuhi nikaenda peke yangu, bila sare, bila wimbo, nikasema nimekuja kutafuta kiti cha kanisa. Nilimkuta Mwalimu amekikalia mlangoni. Kumi na saba.

"Hii haitarudi," akasema kabla sijafungua mdomo. "Mulinizika. Maiti iko na haki ya kiti moja."

Nikageuza jerikani iliyokuwa pale, nikaikalia. Nilitaka kuanza na habari za mvua, nikamkumbuka Hajji.

"Mwalimu Rubeni, uko nafikiria kujiua?"

Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Hakunifukuza. Mabega yake yakashuka, na nikaona kwamba tangu siku nyingi alikuwa ameyabana.

"Ndiyo," akasema. "Ni weye wa kwanza kuniuliza. Bengine bote baliniambia amina."

Sasa ikaja ile sehemu ngumu. Mnanijua mimi. Kufunga mdomo kwangu si jambo dogo, na siku ile nilikaa juu ya jerikani nimeshika kingo za kitenge changu ili nisiseme neno. Mwalimu akazungumza. Alizungumza mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia miguuni. Aliniambia kwamba mtoto wake wa mwisho, aliyeondoka hajajua kuongea vizuri, alimwuliza kwenye simu, tena kwa Kiingereza, yeye ni nani. Nililia. Hajji hakuwa amenikataza kulia.

Alipomaliza nikamwuliza kama kuna kitu alichokuwa amekiweka tayari. Kilikuwepo. Nikaondoka nacho ndani ya kitenge, na sitawaambia kilikuwa nini. Nanyi msiandike kitu kama hicho kwenye kikundi hata siku moja, hata kama mmeulizwa, hata kama kila mtu anajua. Mtu mwingine aliyechoka anasoma bila kuonyesha kwamba anasoma.

Kuhusu hospitali alikataa. "Batasema Mwalimu alipata wazimu."

"Mwalimu," nikamwambia, "hawa batu bameona maiti yako ikitoka mu mahindi na jembe. Nini itabashangaza tena?"

Akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kama kikohozi, lakini nilikisikia. Tukatembea mpaka kliniki ya Base Camp, akapokelewa na muuguzi aliyekuwa anashughulika na watu wenye mawazo mengi. Kesho yake nikarudi kwake, na mvua ikanyesha kweli, kama vile Hajji alikuwa ameiagiza. Keshokutwa nikarudi tena. Kiti nikakiacha.

Diakoni Zakaria hakukiacha. Kila mwezi, baada ya matangazo ya ndoa, alisimama na kusema kwamba aliye na kiti namba kumi na saba akirudishe na hataulizwa neno. Mimi nilikuwa naangalia mabati ya paa. Mwalimu, mnamjua, alikuwa anaitikia amina kwa sauti kuliko watu wote.

Miezi kadhaa baadaye aliomba kurudi kwenye kikundi, na baadaye tena akaomba kusaidia. Ndiye aliyeweka ile sheria mnayoilalamikia, kwamba mtu akiandika maneno ya kukata tamaa, amina ni marufuku mpaka mmoja wetu awe ameshaandika: "Nimekuona. Nakuandikia pembeni sasa hivi." Msinielewe vibaya. Naomba asubuhi na jioni, na Mungu anajua kusoma, hahitaji amina sabini kwenye simu. Aliyeandika ndiye anayehitaji mtu mmoja amwulize.

Lakini nisijisifu, maana nilipojifunza lile swali nililitumia kama mtu aliyenunua kitenge kipya. Mama mmoja aliandika, "Kwaherini wapendwa, wakati wangu umefika, mutunze watoto." Nikamrukia pembeni, kwa ujumbe wa sisi wawili tu, roho mkononi: mama, uko nafikiria kujiua? Akajibu, "Hapana mama, minafikiria koti. Kanada banasema iko baridi." Safari yake ilikuwa Alhamisi. Wiki nzima Mwalimu alikuwa ananiuliza kama na mimi nafikiria koti. Lakini yule mama alinitumia ujumbe mwingine kabla ya kupanda ndege, akaniambia kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali kama lile, na kwamba kama siku moja huko baridini atalihitaji, anajua pa kuja. Kwa hiyo ulizeni. Ukikosea utachekwa, na kuchekwa hakujamwua mtu.

Jambo jingine ambalo hamtalikuta kwenye vitabu ni chaji. Kabla ya swali, au mara tu baada yake, mwulize mtu simu yake imebaki na chaji ngapi, na umwombe namba ya jirani. Binti mmoja alikuwa ananijibu vizuri, na katikati ya sentensi akanyamaza. Siku mbili. Sikula. Nilituma watu watatu kumtafuta, nikampigia mpaka mwenyekiti wa kijiji chao. Simu yake ilikuwa Rwekubo kwenye kibanda cha kuchaji, na mwenye kibanda alikuwa ameenda kwenye ubatizo. Binti mwenyewe alikuwa anachuma maharage na dada yake, na alishangaa kuona wajumbe watatu shambani. Lakini aliniambia baadaye kwamba alipowaona aliona aibu, na chini ya aibu aliona raha.

Na yule aliye mbali, Marekani au wapi, hamwezi kumfikia na jerikani yenu. Huyo mwulizeni nani yuko karibu naye anayeweza kumgongea mlango, na mjue namba ya dharura ya nchi aliyopo. Daftari la buluu nililowapa limejaa hayo: nani yuko wapi, na nani yuko karibu naye. Miaka yote hii tulidhani kikundi ni cha kutafuta waliopotea zamani, kumbe ni cha kuwatafuta na wanaopotea leo. Msimwahidi mtu kwamba mtakaa na siri yake peke yenu. Mwambieni mapema, kwa upole, kwamba ikiwa maisha yake yako hatarini mtaita mtu mwingine. Atakasirika. Akasirike, yuko hai.

Sasa nitasema jambo moja bila mzaha. Wawili walitutoka, hatukuwawahi. Majina yao siyataji hapa, ninyi wenyewe mmoja wao mlimjua. Niliyarudia maneno niliyowaandikia mara elfu, kila neno, nikitafuta lile nililokosea. Muuguzi wa kliniki aliniambia kwamba wakati mwingine hakuna neno ulilokosea, na nilimchukia kwa kusema hivyo, kisha nikamshukuru. Ndiyo sababu simu hii nimewapa watatu, sikumpa mmoja. Mwenye zamu aishike, asiye na zamu akalale au akacheze mpira. Na mkitoka kwenye mazungumzo mazito, mwelezeni mwenzenu kabla ya kula.

Laiti na mimi ningefanya hivyo.

Mnajua mume wangu, Papa Jolie, aliniacha mwaka jana. Mlikuja wote. Viti vilikuja, safari hii kwa haki yake, na turubai, na kwaya iliimba vizuri. Baada ya siku chache viti vikarudi kanisani, na watu wakarudi kwenye mashamba yao, kama inavyotakiwa. Mimi nikaendelea na kazi. Niliwajibu watu kwenye kikundi, nikawatania, nikawauliza chaji zao. Mlipouliza habari zangu niliandika "niko sawa" na kaua kadogo kekundu, na ninyi mkaniwekea mioyo. Hamkufanya kosa. Nilikuwa najua kudanganya, maana nilishadanganywa na mafundi wa kazi hiyo.

Kisha nikaanza kuiacha simu bila chaji. Siku moja, mbili, tatu. Nilijiambia kwamba nimezeeka, kwamba macho yanauma. Asubuhi nilikuwa nakaa kitandani nasikiliza kuku na sioni kwa nini niwafungulie.

Asubuhi ya nne nikasikia majirani wanaongea nje kwa sauti ya watu waliochanganyikiwa. Nikachungulia. Mwalimu Rubeni alikuwa anakuja njiani, kiti kimoja cha buluu kichwani. Majirani walikuwa wanakiangalia kile kiti na kumwangalia yeye. Vingekuwa thelathini, wangejua la kufanya. Kwa kimoja hakuna aliyejua kama alie au asalimie.

Akakiweka mbele ya mlango wangu, akakaa. Namba ilikuwa imefifia lakini ilisomeka.

"Umekuya kurudisha kiti ya kanisa?" nikamwuliza.

"Hapana. Nimekuya kukaa."

Tukakaa. Nikamwuliza habari za mahindi, akanijibu kwa neno moja. Nikajua kinachokuja.

"Mama Jolie," akasema, "uko nafikiria kujiua?"

"Mimi?" Nilisimama. "Mimi nilikufundisha ile swali! Ni mimi nilikuya kwako! Unaniuliza mimi?"

Alikuwa amefunga mdomo, na alikuwa ameufunga vizuri kuliko mimi siku ile ya jerikani. Nikafungua mdomo kusema hapana. Neno lilikuwa tayari, nilikuwa nimejiambia mwenyewe wiki nzima. Nikasikia sauti yangu inasema, "Ndiyo. Kidogo. Asubuhi asubuhi."

Hakushtuka, hakunisomea aya. Alisema tu, "Aksanti ya kuniambia," na mimi nikakaa chini nikalia kama sikuwahi kulia kwenye msiba wenyewe. Mchana tukatembea pamoja mpaka kliniki. Nilimwambia watu watasema Mama Jolie amekuwa mwendawazimu, akanijibu kwamba hilo walishalisema zamani, siku ya ngoma. Kesho yake akarudi. Keshokutwa pia, na ilikuwa inanyesha.

Mimi niko vizuri sasa, na safari hii sitanii. Kuku nawafungulia. Nimestaafu kwa sababu nimefanya kazi ya kutosha, na kwa sababu nimeona mnavyowaandikia watu. Hamweki irabu, lakini mnauliza.

Kiti Mwalimu alikiacha. Kiko nyuma ya mlango wangu, na Diakoni Zakaria asijue. Siku mmoja wenu akilazimika kwenda kwa mtu, apite hapa akichukue, hicho hicho kimoja. Na mkiona mimi nimenyamaza siku tatu, msiniwekee mioyo. Njooni. Kiti mtakikuta.